Swali la Tatu Halikujibiwa

1

Saa tatu asubuhi Ukumbi wa Nne ulikuwa umeshafurika, na watu walikuwa bado wanaingia. Wanafunzi walikalia ngazi, wakakalia madirisha, wengine wakakaliana wao kwa wao. Wazee wa Bonde la Lusungwi, waliokuja na vijana wao kwa mabasi matatu, walipewa viti vya mbele. Wahadhiri waliozoea viti hivyo walisimama ukutani wamenuna kama watoto walionyimwa andazi. Mihadhara ya wazi ya Chuo Kikuu cha Nyanda za Juu haikosi watu hata siku moja, maana huku mtu yuko radhi kukosa chakula kuliko kukosa mjadala wa siasa. Lakini siku kama hii, jamani, haikuwahi kutokea. Leo ukumbi ulikuwa unakwenda kuzungumza na watu waliokaa humu humu miaka thelathini na mbili iliyopita.

Tusekile Mwakyoma, mhadhiri wa historia na mwenyekiti wa kikao cha leo, alikuwa nyuma ya pazia la jukwaa. Kwenye mfuko wa gauni alikuwa na kikaratasi. Hakikuwa na haja ya kuwepo, kwa sababu maneno yaliyoandikwa humo yalikuwa matano tu na alikuwa anayajua tangu ana miaka kumi: *Lusajo asiende. Atapigwa risasi darajani.*

"Dada Tuse, umekunywa hata chai?"

Alikuwa Gwamaka, mwanafizikia aliyeusimamia mtambo wa mazungumzo hayo kwa miaka sita. Alikuwa amevaa glavu nene na miwani imemshuka puani.

"Chai itapita wapi? Niache tu."

"Mimi nimekunywa vikombe vinne na bado natetemeka." Akacheka, halafu akaacha. Akasogea karibu. "Seneti ilisema maswali mawili ya kwanza tuyajibu kama kumbukumbu zinavyoonyesha. La tatu tulinyamazie, kwa sababu kumbukumbu zinasema halikujibiwa. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Sijakuuliza kama mtu wa Seneti. Mimi mtoto wa bondeni. Nimezaliwa pale, nimeoa pale, nina mabinti wawili wanasoma pale. Baba yako asingekufa siku ile, nchi isingesimama, na machimbo yale yangechimbwa. Watu elfu kumi na mbili tusingekuwepo, au tungekuwepo kwingine, sijui. Na wewe ndiye utakayeshika simu." Akavua miwani. "Ningekuwa wewe, sijui ningefanya nini. Haki ya nani, sijui. Lakini nilitaka unitazame usoni kwanza."

Tusekile akamtazama usoni. Hilo lilikuwa kosa, maana sasa kile kikaratasi mfukoni kilikuwa kinamchoma.

Alimpenda Gwamaka. Aliwapenda hata wale mabinti wake, mmoja alikuwa anamwita shangazi. Lakini baba yake alikuwa hajamwona hata siku moja. Tusekile alikuwa bado tumboni, ujauzito wa wiki chache, siku baba huyo, Lusajo Mwakyoma, alipoongoza maandamano ya wanafunzi kupinga wakulima wa Lusungwi kuhamishwa. Siku ile risasi ilipigwa moja tu. Aliipiga mlinzi wa kampuni ya machimbo, na ikampata Lusajo. Kufikia jioni nchi nzima ilikuwa barabarani, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilikuwa imefungasha. Bonde likabaki. Lusajo akabaki picha ukutani.

Na siku moja kabla ya maandamano hayo, katika ukumbi huu, mama yake aliwauliza watu wa mbele, yaani wa miaka ijayo, swali. Wakamnyamazia.

"Watu wa mbele hawana adabu," mama alikuwa akisema, tangu Tusekile anapata akili. Akiunguza wali, watu wa mbele hawana adabu. Umeme ukikatika, hao hao. "Nimewauliza kwa heshima zote, wakakaa kimya!"

Ndiyo maana Tusekile akasoma historia. Ndiyo maana akagombea uenyekiti wa mihadhara miaka minne mfululizo, wenzake wakimcheka kwamba anapenda kipaza sauti. Yote hayo kwa ajili ya dakika tisa za leo.

Akachungulia kwenye pazia. Mama yake, Bupe, alikuwa mstari wa mbele katikati ya wazee wa bonde, amekaa wima kama yuko kwenye usaili. Mkononi alikuwa amebeba koti la kiume la kahawia, ingawa jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanajipepea kwa ratiba. Koti hilo Tusekile alilijua vizuri. Alipokuwa mdogo akiugua homa, ndilo alilofunikwa.

"Koti la nini na joto lote hili?" alikuwa amemuuliza nyumbani asubuhi.

"Leo nalihitaji," mama akajibu, na alipojibu hivyo ilikuwa bure kuendelea kumuuliza.

2

"Waheshimiwa wote, itifaki imezingatiwa!" Tusekile akasema kwenye kipaza sauti, na ukumbi ukapiga makofi kwa furaha ya kunusurika na orodha ya vyeo. "Mhadhiri wetu hahitaji utambulisho. Profesa Sanga, karibu."

Profesa Ambwene Sanga alipanda jukwaani polepole, miaka sabini na moja, suti ya kijivu, raba nyeupe miguuni. Akakitazama kipaza sauti, akakitazama ukumbi.

"Nimeambiwa nizungumzie siasa, historia na jamii kwa dakika arobaini," akasema. "Nitazungumzia kosa langu kwa dakika kumi. Lina vyote vitatu."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Miaka thelathini na mbili iliyopita mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa mihadhara hii. Nilikuwa kijana, nywele ninazo." Kicheko tena. "Mwanafizikia wetu wa wakati huo, Mungu amrehemu, alipata jiwe la fuwele kutoka kwenye kisima kilicho chini ya ukumbi huu. Akalipasua vipande viwili. Akagundua kwamba ukigonga kipande kimoja, cha pili kinalia, hata ukikipeleka ng'ambo ya mlima. Hilo lilikuwa la kushangaza, lakini halikumtosha. Akauliza: je, nikikigandisha kimoja kwenye ubaridi mkali kabisa, kule ambako hata chembe ndogo haitikisiki, kitajuaje kwamba muda umepita? Jibu ni kwamba hakijui. Kwenye kile kipande, bado ni siku ile ile kilipogandishwa. Ukikitoa, ndani ya zile dakika chache kabla hakijapasuka, kinalia pamoja na mwenzake wa siku ile."

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye pipa la chuma lililokuwa linafuka ukungu kando ya jukwaa. Gwamaka akapunga glavu, na wanafunzi wa sayansi wakampigia makofi ya pasha.

"Basi tukafunga simu ya mkono kwenye kile kipande kisichogandishwa, tukawaita watu humu ndani, tukasema: ulizeni, watawajibu walio mbele. Kama kawaida yetu, tukachukua maswali matatu kwa mpigo, yajibiwe kwa pamoja. Sijui nani alituletea utaratibu huu wa matatu matatu. Kila kikao, swali la tatu linasahaulika!"

"Kweli!" watu wakapiga kelele. "Kweli kabisa!"

"Wakauliza watatu. Nikashika simu kusikiliza majibu, maana spika hatukuwa nazo, mwenyekiti ndiye anasikia halafu anawatangazia. Jibu la kwanza likaja, nikalitangaza, watu wakashangilia. Jibu la pili likaja. Lo! Ndugu zangu, jibu la pili liliniondoa akili. Nikalitangaza, ukumbi ukalipuka, watu wakapanda juu ya meza, vigelegele, ngoma ikatoka sijui wapi. Na mimi mwenyekiti nikaiweka simu mezani." Profesa Sanga akazitazama raba zake. "Nikaenda kucheza. Niliporudi, jiwe lilikuwa kimya. Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwa mkono wangu: swali la tatu halikujibiwa. Binti aliyeliuliza yuko hapa leo. Mama Tusekile, nimekuomba radhi nyumbani kwako mara nyingi. Leo nakuomba mbele za watu."

Watu wote wakageuka kumtazama Bupe. Aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, akalilaza koti lake vizuri magotini.

3

Saa tano na dakika kumi na moja Gwamaka akafungua pipa.

Ukungu mweupe ukamwagika jukwaani mpaka kwenye viatu vya wazee wa mstari wa mbele, na mmoja wao akanyanyua miguu juu. Kwa koleo ndefu, Gwamaka akatoa kipande cha jiwe kisichozidi ukubwa wa ndimu. Akakiweka kwenye kitako chake, akachomeka nyaya mbili, akampa Tusekile simu ya mkono.

"Dakika tisa," akasema. "Safari hii spika ninazo. Wote tutasikia."

Spika zikakoroma. Zikapiga mluzi. Halafu, bila hodi, ukumbi ukajaa watu wasioonekana.

Zilikuwa kelele za kikao cha wazi, zile zile: viti vinavutwa, mtu anakohoa, mwingine anamwambia mwenzake asogee. Kisha sauti ya kijana mchangamfu ikasema, "Tulieni basi, tulieni! Nachukua maswali matatu."

Profesa Sanga akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti yake yeye.

Ukumbi ulitaka kupiga kelele ukashindwa. Tusekile mwenyewe alisikia nywele za mikono zikimsimama. Furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa mno, hata kwa dakika moja akasahau kikaratasi chake. Walikuwa pale! Walikuwa hai, wana haraka, hawajui lolote!

Kijana wa sheria akauliza swali la kwanza. "Je, huko mliko, mihadhara hii ya wazi bado ipo, au mmeshaifunga?"

Msichana mmoja akafuata. "Je, itafika siku sayansi ifundishwe chuoni kwa Kiswahili, au tutaendelea kuambiwa haiwezekani?"

Halafu ikaja sauti ya tatu, nyembamba, yenye haraka, yenye ubishi. Tusekile aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Naitwa Bupe, mwaka wa pili ualimu. Shikamooni. Kesho tunaandamana mpaka darajani kwa ajili ya Bonde la Lusungwi. Naomba kujua: tutashinda? Na tutarudi wote?"

Tutarudi wote. Mama hakuwahi kumwambia hiyo nusu ya pili. Wala kumbukumbu hazikuiandika.

Tusekile akaleta simu mdomoni. Sauti ilimtoka yenyewe, thabiti, ya mwenyekiti. "Shikamooni na ninyi. Swali la kwanza: mihadhara ipo, na viti havitoshi."

Upande wa pili, sauti ya Sanga kijana ikatangaza, na kelele zikapanda.

"Swali la pili: mtambo huu tunaoutumia kuzungumza, mahesabu yake yote, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, yameandikwa kwa Kiswahili."

Sanga kijana akatangaza kwa sauti iliyopasuka, na spika zikalipuka. Vigelegele! Meza zikipigwa! Ngoma kweli, na mtu anaanzisha wimbo! Na humu ndani nao hawakuweza kujizuia tena. Wazee wa bonde wakasimama wakacheza, wanafunzi wakarushana juu, kumbi mbili zikaimba wimbo mmoja zikiachana miaka thelathini na mbili. Profesa Sanga alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nisikie mimi mjinga!" akapaza sauti. "Nasikia naiweka simu mezani!"

"Dakika tatu," Gwamaka akasema. Alikuwa hachezi. Alikuwa anamtazama Tusekile.

Maneno matano. Ingemchukua muda wa kuvuta pumzi mara moja. Tusekile akafungua mdomo, akawaza: lakini nani atasikia? Simu iko mezani.

Ndipo ikasikika sauti, chini ya zile kelele zote, karibu kabisa na simu.

"Halo? Kuna mtu? La tatu bado. Mimi ndiye niliyeuliza la tatu."

Mama alisema hakujibiwa. Hakuwahi kusema aliokota simu akasikiliza.

"Mwongozo, Mwenyekiti!"

Bupe alikuwa amesimama, koti begani, mkono juu kama mbunge. Ukumbi ukatulia.

"Mwongozo wa nini, mama?" Tusekile akaziba simu kwa kiganja. "Mama, nina dakika tatu. Namwokoa. Namwambia asiende, basi, na wewe hutalala peke yako tena hata siku moja."

"Swali ni langu. Nataka nilijibu mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Nipe simu, mwanangu."

"Mbili na nusu," Gwamaka akasema kwa sauti ndogo.

Tusekile alimtazama mama yake, akamtazama Gwamaka, akatazama zile safu za watu wa Lusungwi ambao hawakuwa wakicheza tena. Miaka yote alidhani anachagua kati ya baba yake na bonde. Kumbe kwenye simu kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na tatu anayesubiri, na kuna mtu mmoja tu hapa duniani mwenye haki ya kumwambia. Iliuma. Iliuma vibaya. Akaachia kiganja, akampa mama yake simu.

Bupe akapanda jukwaani, akaishika kwa mikono miwili.

"Bupe," akasema. "Mimi ni wewe. Nisikilize, na usinikatize, nakujua unavyopenda kukatiza."

Spika zikavuta pumzi.

"Mtashinda. Kampuni itaondoka, wakulima watabaki. Lakini Lusajo hatarudi. Risasi ni moja tu, pale darajani. Mwambie leo. Usimfiche hata neno, si haki yako kumfichia. Halafu mwache aamue yake, na wewe amua yako. Na huyo uliye naye tumboni, ndiyo, unaye, usishtuke, ni wa kike. Ana kichwa kigumu. Utampenda mpaka ushangae."

Ngoma ya zamani ilikuwa bado inapigwa.

"Bonde lote?" msichana akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Lote. Wako hapa mbele yangu wamejaa. Wengine wamekalia madirisha."

Jiwe likalia *ka!* likapasuka katikati, na spika zikanyamaza.

4

Hakuna aliyepiga makofi. Gwamaka alikaa chini jukwaani, glavu zikiwa bado mikononi, akaanza kulia waziwazi mbele ya wanafunzi wake.

"Ulijua," Tusekile akasema. Kipaza sauti kilikuwa wazi lakini hakujali. "Siku zote ulijua! Watu wa mbele hawana adabu, wamenyamaza, wamenidharau... Mama! Miaka thelathini na mbili!"

"Ningekuambia, leo ungenipa simu?" Bupe akauliza. "Nilisubiri ufike hapa. Nilikuwa naogopa kweli kweli. Niliogopa kwamba nikifika, nitashindwa, nitamdanganya yule msichana, nimwambie mtarudi wote, nendeni mkalale." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Kumbe hata leo nisingeweza."

"Na yeye? Ulimwambia?"

"Nilimwambia siku ile ile, tumesimama getini. Yote, kama nilivyosikia, pamoja na habari zako. Halafu akauliza kitu kimoja. Akauliza, bonde lote? Nikamwambia lote. Kesho yake tulipofika pale getini akavua koti, akasema, nishikie, linanibana kwapani nikikimbia." Bupe akacheka huku machozi yakimtiririka. "Lilikuwa linambana kweli. Alilinunua dogo, mbishi yule, nilimwambia tangu dukani."

Akalinyoosha koti. Tusekile akalichukua. Alikuwa amelijua maisha yake yote kama blanketi la homa, na sasa akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Lilimkaa sawasawa. Mama yake akamfunga kifungo cha juu, kama anampeleka shule.

Kisha mwenyekiti akakumbuka kwamba kikao hakijafungwa.

"Katibu," akasema kwenye kipaza sauti, na sauti ikakwaruza. "Zile kumbukumbu za kikao cha zamani, ulizonazo mezani. Tusomee mstari wa mwisho."

Katibu akasimama, akafungua jalada. "Swali la tatu halikujibiwa."

"Naomba kutoa hoja kumbukumbu zirekebishwe."

"Naunga mkono!" Profesa Sanga akasema, akiwa ameshasimama.

"Wanaoafiki?"

Ndiyo iliyotoka ilitikisa madirisha. Mzee aliyenyanyua miguu kwenye ukungu aliisema mara tatu peke yake, na wa bondeni wakaendelea kuisema hata baada ya wengine kumaliza, mpaka Tusekile akalazimika kugonga meza.

"Waliosema ndiyo wameshinda. Andika, Katibu: limejibiwa. Na sehemu yake ya pili iandikwe pia, haikuandikwa." Akafuta pua kwa mkono wa koti la baba yake, mbele ya watu wote. "Haya. Muda tunao. Nachukua maswali kutoka ukumbini, moja moja, na hatutoki humu mpaka la mwisho lijibiwe. Nani anaanza?"

Mikono ikanyooka mpaka madirishani.